Daftari la Mashine Inayojizima

Mashine iliyokufa kabisa haimpi fundi shida. Inayomtesa ni ile inayozima saa tatu asubuhi, ukibonyeza kitufe inaamka, inapiga kazi hadi jioni kana kwamba haina neno, kisha kesho yake inakatika katikati ya sentensi. Fundi akija inawaka. Akipanda bodaboda kuondoka, inazima. Mwaka 2011 niliishi na mashine ya namna hiyo pale Mazimbu, Morogoro, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu kutafuta hitilafu niliipata kwake.

Dada yangu alikuwa na steshenari, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, kando ya njia wanayopita wanafunzi wa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Mazimbu ya leo ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, lakini majengo yake mengi yalisimamishwa na watu waliokuwa uhamishoni. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa African National Congress ya Afrika Kusini eneo lililokuwa shamba la mkonge, ili vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya 1976 wapate mahali pa kusoma. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Wenyewe walipopata njia ya kurudi kwao, mwaka 1992 wakaikabidhi Mazimbu kwa Tanzania, majengo na samani zake. Nayataja haya kwa kuwa mjomba wangu, ambaye ndiye mwalimu katika habari hii, alipitisha ujana wake katika ujenzi ule, akibeba mabomba ya nyaya nyuma ya mafundi umeme. Adabu ya kazi aliyoiokota pale ndiyo iliyokuja kuiponya kompyuta ya dada.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya mtumba, imetengenezwa mwaka 2004 kwa mujibu wa stika ya nyuma. Ilikuwa na Windows XP, rami ya megabaiti 512 na skrini ya kichogo iliyojaza nusu ya meza. Ndiyo iliyochapa barua za kuomba nafasi za fildi, ikaskani vyeti, ikaprinti tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tasnifu zilikuwa msimu wetu wa mavuno, na msimu huo uliangukia Juni na Julai, miezi ileile mashine ilipoanza vituko.

Kuzima kwenyewe tulikuwa tumeshakuzoea, mpaka siku binti mmoja wa mwaka wa tatu alipokuwa anamalizia sura ya matokeo. Majedwali yote alikuwa ameyaingiza kwa mkono. Mashine ikajiwasha upya mbele ya macho yake. Faili liliporudi lilikuwa la tangu asubuhi. Hakulia wala hakugomba. Alikaa muda akiangalia kioo, kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi zake za shambani zenye matone ya tope, akaanza jedwali la kwanza upya. Dada hakumtoza hata senti. Jioni ile akaniambia, "Mdogo wangu, hii siyo kompyuta tena, ni deni. Tafuta mtu anayejua."

Wanaojua hawakukosekana. Kila aliyesimama pale kaunta alikuwa na dawa yake. Wa kwanza alisema ni virusi vya flashi. Wa pili, piga window upya. Wa tatu, vumbi na joto, maana Morogoro ina joto na barabara yetu ilikuwa ya udongo mwekundu. Wa nne akasema ni umeme wa mgao tu, vumilieni. Hakuna hata mmoja aliyesema jambo la kipuuzi. Kila moja ya dawa hizo imewahi kumponyesha mtu mashine yake mahali fulani, ndiyo maana anaibeba.

Window ikapigwa. Mashine ikazima wakati Windows bado inajipakia, diski ikiwa imeshafutwa, hakuna flashi iliyochomekwa wala programu yoyote ya mteja. Hilo lilitosha kuvitoa virusi kwenye orodha ya washukiwa. Fundi aliyekuja hakuliona hivyo. Aliona kazi imemshinda, akaomba tununue diski mpya.

Tukaliendea joto. Prosesa za mezani za miaka ile zilikula wati 80 na zaidi, na zikipanda joto kupita kiasi zina ulinzi wa kujizima zisiungue. Tulipofungua boksi, mapezi ya kipozeo juu ya prosesa yalikuwa yamezibwa na blanketi la vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za nguo. Tukalitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, feni tukaishika kwa kidole isizungushwe na upepo. Pesti ya kupitishia joto ilikuwa imekauka na kuwa chaki. Tukaifuta kwa spiriti, tukaweka punje mpya. Kwenye bayosi joto likashuka kutoka nyuzi sabini na kitu hadi hamsini na kitu. Ilikuwa kazi nzuri na ilistahili kufanywa. Asubuhi iliyofuata mashine ikajiwasha upya kabla hata Windows haijamaliza kupanda.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba. Alikuwa fundi redio pale Mji Mpya, chumba kimejaa matumbo ya televisheni, na kompyuta hakuzipenda sana. Sisi Waluguru mjomba hakatai wito wa mtoto wa dada yake, hivyo alikuja Jumamosi, mita yake mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, inazima vipi?"

"Inazima tu, mjomba."

"Hapana. Nieleze kama mtu aliyekuwa anaiangalia. Taa ya mbele inabaki? Feni inaendelea? Inarudi yenyewe au mpaka uibonyeze?"

Sikuwa na jibu moja, kwa sababu majibu yalikuwa matatu. Kuna siku ilikatika yote, taa na feni, kimya kabisa, ikasubiri kubonyezwa. Kuna siku ilijiwasha upya yenyewe, feni haikusimama hata kidogo. Na mara chache iliganda tu, picha imebaki kwenye kioo, kipanya hakisogei. Mjomba akasema hayo ni magonjwa matatu na sisi tumeyapa kitanda kimoja. Mashine ikikatika yote, anza na njia ya umeme: soketi, waya, pawasaplai, au ule ulinzi wa joto. Ikijiwasha upya, huenda voti za ndani zimeyumba kwa muda mfupi, au Windows yenyewe imeanguka na imeagizwa kuanza upya. Ikiganda, mtazame kwanza rami, diski na mazabodi.

Akanielekeza jambo ambalo mafundi wengi wa dirishani hawalifanyi. Katika mipangilio ya Windows XP kuna kisanduku kinachoiamuru mashine ijiwashe upya kila inapoanguka. Ukikiondolea tiki, mashine ikianguka kwa kosa la programu au la rami, skrini ya buluu inabaki na namba zake, nawe unazinakili. Tuliondoa tiki. Mashine ikaendelea kujiwasha upya bila kuonyesha ubuluu wowote. Maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kusema limetokea nini; kitu kilikuwa kinaikata kutoka chini yake.

Kisha akamwomba dada kaunta buku. Ilipatikana ya kwaya mbili, mpya, kutoka rafuni. Akachora safu tano: saa ngapi; imezima kwa namna ipi kati ya zile tatu; ilikuwa inafanya nini; nini kingine kilikuwa kimewashwa chumbani; na hali ya hewa. Ile safu ya tano ilitushangaza, lakini mjomba hakujadiliana. Pale Mazimbu, alisema, wale wakubwa wa ujenzi hawakukubali fundi aguse kitu kabla hajaandika amekikutaje. Sharti la pili likawa gumu zaidi kwa dada kuliko kwangu: badilisha kitu kimoja tu, halafu subiri. Ukibadilisha rami na pawasaplai siku moja na mashine ikapona, umepona kwa bahati, na bahati haiandikiki kwenye daftari.

Kusubiri ndiko kunakouma. Duka lina wateja, mteja ana tarehe ya kukabidhi, na wewe unaambiwa ukae na mashine mbovu kwa makusudi. Tulijilinda kwa kumfundisha kila aliyekaa pale kuhifadhi kazi yake kila baada ya aya, na kwa kunakili faili kwenye flashi mbili. Rami tuliichomoa, miguu yake ya dhahabu tukaisugua kwa raba safi, tukairudisha. Tukaipima kwa Memtest86, programu inayowashwa kwa sidii kabla ya Windows, ikakaa usiku mzima ikiandika na kusoma bila kutoa mstari mwekundu hata mmoja. Rami ikafutwa kwenye orodha. Mjomba akapima nyaya za pawasaplai: wa njano unatakiwa kuwa na voti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3, na unaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 5 tu. Zote zilikuwa ndani ya mipaka. Nilifurahi. Yeye hakufurahi, maana mita ya mkononi inaonyesha wastani, na umeme unaoyumba mara maelfu kwa sekunde unaweza kuwa na wastani mzuri kabisa.

Kulikuwa pia na mgao wa kuuondoa njiani. Mwaka ule ulikuwa mkali nchi nzima. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yanashuka kuelekea meta 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo. Mtera ndiyo ghala la maji ya Kidatu pia, na Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, iko humuhumu mkoani kwetu, ikipeleka umeme Dar es Salaam kwa laini ya kilovoti 220 inayopita Morogoro. Saa nyingine mtaa mzima uliingia gizani. Matukio hayo tuliyawekea alama ya msalaba, tusiyachanganye na yale ya mashine kuzima peke yake huku balbu inawaka. Nina hakika mashine nyingi zilitupwa mwaka ule kwa sababu hakuna aliyetenganisha makosa ya mtaa na makosa ya mashine, na nyingine zilikaa zinaharibu kazi za watu kwa sababu kila kitu kilisingiziwa mgao.

Na nchi yenyewe imewahi kuilaumu mashine kwa jumla. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za serikali zilizopitishwa kwenye kompyuta zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mashine ikabeba lawama ya mpango mzima: watu, mafunzo, karatasi zilizoingizwa ndani yake. Naelewa hasira ya wakati ule, fedha za umma zilikuwa chache na machungu. Bado naona ni hasara kwamba tulikosa miaka mingi ya kuzizoea mashine hizi na kujifunza tabia zake.

Daftari lilipojaa kurasa kadhaa, mjomba alirudi, akavaa miwani, akasoma kimya. Akachora duara kwenye safu ya saa, na duara kwenye safu ya hali ya hewa. Karibu kila mara mashine ilipojiwasha upya yenyewe ilikuwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na kando yake tulikuwa tumeandika: baridi, ukungu mlimani, manyunyu, baridi.

Mtu asiyeijua Morogoro atashangaa. Mji wetu una sifa ya joto, lakini umelala miguuni pa Uluguru, milima inayopanda zaidi ya meta 2,600, na Julai hewa ya usiku inateremka kutoka kule mpaka vyumba vya mabati vinakuwa kama chungu cha maji. Tukifungua duka, mashine ilikuwa imelala baridi hiyo usiku kucha. Ilijiwasha na kujirudia, ikajiwasha na kujirudia, kisha ikipata joto inatulia hadi jioni. Mchana wa jua kali, saa nane, wakati kila mtu aliapa ndipo joto linapoiua, daftari lilikuwa jeupe.

"Baridi?" dada aliuliza. "Kompyuta inaogopa baridi?"

"Redio inaogopa," mjomba alijibu. "Redio ya kizee inavuma asubuhi, ikishapata moto inanyamaza. Ni kapasita."

Akawasha tochi ya simu, tukainama wote watatu juu ya mazabodi. Kandokando ya prosesa kuna safu ya vikopo vidogo vimesimama wima, kila kimoja urefu wa pingili ya kidole, na juu yake kina mkato wa msalaba. Kikopo kizima kina kichwa bapa. Pale, vinne vilikuwa vimevimba kichwani, mkato umetanuka, na kimoja kilikuwa kimetoa ukoko wa rangi ya kahawia uliokauka juu ya msalaba. Tulikuwa tumepitisha brashi ya rangi hapo hapo siku ya vumbi. Vilikuwa mbele ya macho; hatukuwa tunavitafuta.

Kazi ya vikopo hivyo ni hii. Pawasaplai inaleta voti 12, lakini prosesa inataka voti moja na kitu, kwa ampea nyingi sana, na mahitaji yake yanapanda na kushuka kufumba na kufumbua. Mazabodi inaushusha umeme kwa kuukata vipandevipande, na kapasita ndizo zinazolainisha vipande hivyo viwe mtiririko. Ndani ya kila kikopo kuna utepe wa alumini na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Kimiminika kikipungua au kikiharibika, ukinzani wa ndani unapanda, na baridi inaupandisha zaidi. Kwa hiyo kapasita iliyochoka inashindwa kazi asubuhi, na ikishapashwa moto na mashine yenyewe inajikongoja. Voti za prosesa zinayumba, prosesa inapoteza ilichokuwa inakihesabu, mashine inaanza upya.

Kwa nini zichoke upesi hivyo? Sehemu moja ni kasoro ya kiwandani iliyoikumba dunia nzima. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi mno zilitengenezwa kwa kimiminika chenye maji kisichokuwa na viambato vya kutosha kuilinda alumini. Maji yakaila alumini, ikazaliwa gesi ya haidrojeni, vikopo vikavimba. Makampuni makubwa yalibadilisha mazabodi kwa wingi. Kompyuta nyingi za miaka hiyo ziliishia kuuzwa kama mtumba, na mashine ya dada ilizaliwa katikati ya kipindi hicho.

Sehemu ya pili ilikuwa yetu, ya Mazimbu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 haimaanishi itakufa baada ya saa 2,000. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazozipunguza zinazidisha maisha yake maradufu. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 inapata kama saa 32,000. Ikifanya kwenye 75 inapata 16,000. Lile blanketi la vumbi jekundu lilikuwa limeitafuna miaka yake kimyakimya, mchana baada ya mchana. Wale waliosema joto walikuwa wanalizungumzia jambo la kweli. Joto liliua kapasita kwa miaka, baridi ikaja kuufichua msiba asubuhi za Julai. Tangu hapo sijawahi kuamini kwamba saa ya kuzima ndiyo saa ya kuharibika.

Madukani Morogoro tulipata kapasita za nyuzi 85, za kawaida, za redio. Mjomba alizikataa, akaagiza Kariakoo zile za 105 zenye ukinzani mdogo, mikrofaradi 1500. Zilipofika alitandika kitambaa juu ya meza ya kazi pale Mji Mpya, akaitoa mazabodi kwenye boksi. Mazabodi ni tabaka za shaba zilizolaliana, zinanyonya joto la pasi ya kuunguzia risasi, ukitumia pasi ndogo utabaki unabembeleza mpaka ung'oe njia ya shaba. Alitumia pasi nene. Alipasha mguu mmoja, akakiinamisha kikopo, akapasha mguu wa pili, akakiinamisha upande wa pili, mpaka kikatoka chenyewe. Matundu yalikuwa yamejaa risasi. Aliyazibua kwa kijiti cha meno huku risasi ikiwa bado majimaji. Kisha akanipa mimi kazi moja tu: kutazama mstari mweupe ubavuni mwa kila kapasita, upande wa hasi, na kuhakikisha unakaa kwenye nusu ya duara iliyopakwa rangi juu ya mazabodi. Ukiigeuza, inapasuka. Niliangalia kila moja, nikaangalia tena.

Alibadilisha safu nzima, hata zile ambazo vichwa vilikuwa bado bapa, kwa sababu zilizaliwa siku moja na wenzake. Asubuhi iliyofuata ilikuwa na ukungu mzuri. Mashine ikawaka, ikapanda, ikatulia.

Dada alitaka daftari lirudi rafuni likauzwe. Mjomba akasema bado, kuna ile namna nyingine. Kukatika kote, taa na feni, kulikuwa hakujasita, na hakukuwa na saa maalumu. Lakini kwenye safu ya nne, kilichokuwa kimewashwa chumbani, neno lilikuwa lilelile mstari kwa mstari: fotokopi.

Fotokopi ina rola inayoyeyusha wino wa unga juu ya karatasi, na taa ya kuipasha moto inavuta kama wati 1,000. Pale inapowaka tu, ikiwa bado baridi, inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana. Mjomba alipima soketi: jioni, wakati mtaa unapika na kupiga pasi, umeme ulikuwa tayari umeshuka chini ya voti 200. Fotokopi ilipoanza, sindano ya mita ikaanguka, ikarudi. Wengi wangeishia hapo na kuilaumu laini ya mtaa. Yeye aliniacha mimi na fotokopi, akaenda kupima kwenye meni switchi. "Washa!" Kule sindano ilitikisika kidogo tu. Basi laini ya mtaa ilikuwa dhaifu, ndiyo, lakini pigo lenyewe lilikuwa kati ya meni switchi na soketi yetu, ndani ya ukuta wa nyumba. Akaigawa njia hiyo nusu, akafungua jointi boksi juu ya mlango. Waya mweusi, nyutro, ulikuwa unacheza kwenye skrubu yake, plastiki imebadilika rangi kwa joto. Akauchubua upya, akaukaza, akafunga.

Kulikuwa na yu-pi-esi pia, na watu waliuliza kwa nini haikusaidia. Betri yake ilikuwa imekufa. Hata ingekuwa nzima, yu-pi-esi za bei yetu zinachukua milisekunde kadhaa kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri, na pawasaplai mpya inaweza kujishikilia kama milisekunde 16 au 17 bila umeme. Ya zamani, ambayo kapasita zake nazo zimekauka, inajishikilia pungufu ya hapo. Tuliweka betri mpya na tukaihamisha fotokopi kwenye soketi yake peke yake. Kaunta buku likabaki jeupe mpaka msimu wa tasnifu ukaisha. Mashine ile ilifanya kazi hadi mwaka 2014, Windows XP ilipoachwa na wenye nayo, na ilistaafu ikiwa inawaka.

Malipo ndiyo ninayotaka kuyasema mwisho, kwa sababu yananikera hadi leo. Dada alipomuuliza mjomba ni kiasi gani, kapasita zilikuwa za hela ndogo mno, na kukaza skrubu moja hakuna anayekulipia. Mteja wetu analipia kifaa, halipii kutafuta. Fundi akikwambia diski imekufa, unatoa pesa. Akikwambia nimekaa siku tatu nikisoma daftari nikaona skrubu imelegea, unaona anakuibia. Ndiyo maana mafundi wanabadilisha vifaa, maana ndani ya kifaa ndimo unga wa watoto wao ulimo. Dada alimlipa mjomba kwa kazi ya kusoma, kama wanavyolipwa mawakili, na alisema hivyo mbele ya wateja wakisikia.

Mimi sasa ninatengeneza kompyuta mpakato pale pale Mazimbu. Umeme umetulia tangu mitambo ya Rufiji, bwawa la megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa Februari 2024, lakini nyaya za ndani ya kuta zetu ni zilezile, na mpakato unaojizima bado unaletwa kila wiki. Bei ya uchunguzi ninaitaja kabla sijashika bisibisi. Wapo wanaoondoka kwenda kwa jirani anayepiga window kwa nusu saa. Wanaobaki nawapa karatasi yenye safu tano, waende nayo hosteli wakaijaze, na wanaporudi nayo tunaanza kwa kuisoma pamoja.